Spageti ya Ijumaa za Kwaresima kwa mboga za Kibumba: naipangaje kwa mbabula mbili?

Mama wa Katindo (Goma)

Jambo yenu wote. Nina restora ndogo huku Katindo: meza chache, turubai juu, mbabula mbili nyuma, majiko ya makala. Siku za kawaida kazi haina maneno mengi. Fufu, sombe, maharage, wali, samaki akipatikana, na spageti ile mnayoijua: nyanya ya kopo, kitunguu, Maggi, nyama ya kusaga kidogo ili mtu asiseme ameibiwa. Inaenda vizuri.

Shida yangu ni Ijumaa za Kwaresima. Wakatoliki hawagusi nyama, na kliyanti wangu wengi ni walimu na watu wa ofisi ambao wamechoka kuletewa maharage kila Ijumaa utafikiri ni wao waliomsulubisha Bwana. Ijumaa iliyopita mmoja aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akauliza: «Mama, hata leo?» Sikuwa na jibu.

Binti yangu akanionyesha kwenye simu sahani moja ya Ulaya. Spageti na mboga za majira yao ya kuchipua, bila nyanya, bila nyama, kijani na rangi ya karoti tu, inang'aa. Wanaweka petipoa (njegere), poaro (liki, jamii ya kitunguu), karoti changa, harikovere (maharage mabichi ya maganda), na vijiti fulani vya kijani vinavyoitwa asparagasi. Nikatazama nikajiambia: ukiondoa hivyo vijiti, vitu vyote hivi vinashuka na gari kila asubuhi kutoka Kibumba. Mvua imerudi, soko la Virunga limejaa petipoa. Kwa nini nisipike?

Sasa naomba wanaojua wanisaidie. Hivyo vijiti vina ladha gani, na huku naweza kuweka nini mahali pake? Halafu, bila nyanya, sosi inatoka wapi? Sitaki krimu, kopo moja linakula faida yote, na mtu asinishauri mafuta ya zeituni ya supamake, nimeona bei nikayarudisha taratibu kwenye rafu. Jambo linalonisumbua zaidi ni wakati: kliyanti wangu hawaji mmoja mmoja, wanaangukia wote saa sita na nusu, na saa saba na nusu wamerudi kazini. Spageti ya nyanya inaweza kungoja kwenye sufuria, imelowa, hakuna anayelalamika. Hii ya mboga naona ikingoja itashikana na mboga zitakufa rangi.

Na msisahau: mtu wa Goma anataka spageti laini. Ukimpa yenye kiini katikati, anaita: «Mama, hii haijaiva.»

---

Mulushois (Lubumbashi)

Mama, pole na kazi. Mimi nakula bukari (ugali), spageti naiona ni chakula cha watoto na cha sikukuu. Lakini spageti bila nyama, bila samaki, bila nyanya, hiyo ni nini? Mtu amelipa hela zake ale majani na nyuzi? Weka angalau ndagala. Hata Papa wa Roma anakula samaki Ijumaa.

---

Mpishi wa zamani (Bukavu)

Mama wa Katindo, jambo. Mimi ni mzee wa huku Ibanda. Nilipikia mapadri Waitaliano miaka mingi mpaka magoti yakakataa kusimama jikoni. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza maswali ya mtu anayefanya kazi.

Anza na pakiti. Geuza nyuma usome: ikiandikwa ni ya semoli ya ngano ngumu, chukua. Italia tangu 1967 sheria inataka spageti kavu itengenezwe kwa ngano hiyo, na mapadri walikuwa wanaitaja kama vile ni amri ya kumi na moja. Ile ya unga wa ngano laini ni rahisi kwa bei, lakini ukigeuka kumsalimia mtu unakuta imekuwa ugali. Kama maandishi yamefutika, tazama kupitia plastiki. Nzuri ina manjano ya kuiva na nyuzi zake ni nzima. Mbaya ni nyeupe, na chini ya pakiti kuna vumbi na vipande.

Jambo la pili watu hawaliangalii. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi Bukavu ni karibu hivyohivyo. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Maharage yako yanaijua habari hiyo tangu zamani. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni za watu wa chini kule. Pakiti ikisema 9, wewe anza kuonja kwenye 10, na pengine utaopoa kwenye 11 au 12. Saa haionji, mdomo ndio unaoonja.

Maji: kanuni ya mapadri ilikuwa gramu 100 za spageti kwa mtu, lita moja ya maji kwa kila gramu 100, na gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Kanuni nzuri kwa mwenye jiko la gesi. Kwa mbabula, kuchemsha lita tano kwa pakiti ya gramu 500 ni kuchoma makala bure. Lita tatu zinatosha, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani, mradi usimame hapo ukoroge dakika mbili za kwanza. Spageti inashikana mwanzoni, wakati wanga wa juu unapolegea. Ukiipita saa hiyo, haishikani tena ndani ya sufuria. Mafuta kwenye maji usitie, yanaelea tu juu yakikutazama. Na yale maji machache yanakuwa mazito kwa wanga. Usiyamwage hata kidogo, nitayarudia.

Kabla spageti haijaingia, maji hayo yafanyie kazi. Maganda ya petipoa usiyapeleke kwa mbuzi kwanza. Yaoshe, yatie ndani pamoja na majani ya kijani ya poaro, yachemke dakika kumi na tano, halafu yaopoe, sasa ndiyo ya mbuzi. Hapo una maji yenye utamu wa petipoa bila kununua kitu.

Kisha mboga zinaingia kwa zamu kwenye maji hayohayo. Karoti zilizokatwa vijiti vyembamba, dakika nne. Harikovere, tano au sita. Petipoa, mbili au tatu. Unaopoa kwa kijiko chenye matundu, unatandaza kwenye sinia pana, safu moja, usirundike, maana zikirundikana zinaendelea kujipika kwa mvuke wake. Na sufuria isifunikwe! Mboga ya kijani ikichemka inatoa asidi kidogo. Mfuniko unairudisha majini, na asidi ndiyo inayogeuza kijani kuwa rangi ya magwanda ya jeshi. Kwa sababu hiyohiyo ndimu na nyanya zikae mbali hadi sahani iko mezani. Wapo wanaotia magadi au bikaboneti ili rangi ibaki. Rangi inabaki kweli, lakini mboga inakuwa uji.

Sasa sosi. Sosi yako ni poaro, mama, hakuna nyingine. Poaro za Kibumba ni nene na nzuri, ila zinabeba ule mchanga mweusi wa volkano, na unajificha katikati, pale nyeupe inapoanza kuwa kijani. Kuosha nje hakusaidii kitu. Pasua kwa urefu kuanzia juu hadi karibu na shina, uachanishe majani chini ya maji, moja moja, utaona vumbi jeusi likishuka chini ya beseni. Mwaga, rudia mpaka beseni libaki safi. Mchanga mmoja tu kwenye jino la mwalimu na Ijumaa yako imekwisha.

Ile sehemu nyeupe ikate duara nyembamba. Weka kwenye sufuria pana na Blue Band au mafuta ya alizeti, usibanie sana, chumvi kidogo, funika, na uweke kwenye ile mbabula ya pili ambayo makala yake umeyafunika majivu. Dakika ishirini. Ukisikia kukaanga kwa sauti, moto ni mkali, toa, ongeza majivu. Poaro isibadilike rangi. Kwanza itatoa maji, kisha itaanza kulala, halafu utaona duara zinaachana zenyewe, zinang'aa, na ukibonyeza moja kwa kijiko inakatika bila kubisha. Onja: ule ukali wa kitunguu umeondoka, umebaki utamu. Hapo tia kitunguu saumu kimoja kilichopondwa, dakika moja tu.

Sasa spageti yenye maji yake inaingia humo, mboga juu, na vijiko viwili vitatu vikubwa vya yale maji mazito. Geuza kwa nguvu, dakika nzima, mkono usichoke. Wanga unayafanya maji na mafuta yakubaliane, na ile supu nyepesi uliyoiona chini inapanda kuvaa nyuzi. Krimu ya nini? Mapadri wangu hawakutia krimu hata siku moja, na askofu alikula akaomba tena.

Fromaji (jibini) mwisho, sufuria ikiwa chini, si motoni. Fromaji ya Masisi ni laini, ikipata moto mkali inavutika nyuzi na kujikunja kwenye uma. Uliza ile iliyokaa mpaka imekauka pembeni. Wauzaji wengine wanaiona hasara na wanakupunguzia. Hiyo ndiyo inakunika vizuri, na kiasi kidogo kinatosha sahani nyingi. Majani ya seleri yaliyokatwa, pilipili manga, basi.

Kwa wale wote wa saa sita na nusu: saa tano unapika spageti na kuitoa dakika mbili kabla haijaiva, unaichuja, kijiko cha mafuta, unaigeuza, unaitandaza kwenye sinia. Usiioshe na maji baridi, unaosha wanga ambao ndio gundi ya sosi. Mboga ziko sinia nyingine, poaro iko kwenye majivu, maji mazito yanachemka polepole kwenye mbabula ya kwanza. Agizo likifika, unachukua spageti ya watu watatu wanne pamoja, unaitia kwenye kikaangio na poaro na maji ya moto, dakika mbili imemaliza kuiva, mboga, fromaji, sahani. Usijaribu sufuria nzima mara moja, mikono haitatosha kuigeuza.

Kuhusu kiini katikati: usipigane na meno ya kliyanti. Ongeza dakika moja. Mtaliano atalia, lakini Mtaliano hali kwako.

---

Muuza mboga (soko la Virunga)

Huyu mzee wa Bukavu anajua jikoni, lakini mimi ni wa sokoni, naongeza ya kwangu.

Mama, petipoa usinunue zilizokwisha kumenywa. Najua zinarahisisha kazi, na mimi mwenyewe nauza zilizomenywa kwa wanaotaka. Lakini petipoa tangu ivunwe, sukari yake inaanza kugeuka wanga, na iliyokaa kwenye beseni juani tangu asubuhi, mchana inakuwa unga mdomoni. Kwenye spageti ya nyanya hakuna atakayejua. Kwenye hii yako, ambayo haina mahali pa kujificha, watajua. Nunua ya maganda. Ganda likae kijani cha kung'aa, na ukisugua maganda mawili mkononi yapige kelele. Likiwa limepauka na limeanza kuwa na mistari myeupe, punje ndani ni ngumu, hiyo ni ya kupika na nyama saa nzima. Kumbuka kilo ya maganda inakupa chini ya nusu kilo ya punje, usije kushangaa halafu ukasema nimekupunja.

Karoti: usichague zile kubwa ambazo watu wanazigombania. Karoti kubwa ina moyo wa mti. Ndogo zenye majani yake juu, ziko tamu, na tunaziuza fungu kwa bei ya chini kwa sababu watu wanaona ni za kuchezea. Asubuhi ya mvua zinakuja na udongo mzima wa Kibumba, ziache na udongo wake mpaka siku ya kupika, zinakaa zaidi.

Na hivyo vijiti vya Wazungu, wala usihangaike. Chukua bisusa, ncha zake changa kabisa, zile za juu zinazojikunja. Menya zile nyuzi za nje kuanzia chini kwenda juu, kama unavyofanya ukipika majani ya maboga siku zote, kata kidole kwa kidole, zichemke dakika tatu kwenye maji ya huyu mzee. Rangi haifi, na zina utelezi kidogo unaosaidia sosi. Mapadri hawakukuonyesha hiyo, papa?

Jambo moja mzee amelisahau. Seleri yako unaitia mbichi mwishoni, na huku kipindupindu kinatutembelea kila mara. Majani yote ya kuliwa mabichi yaoshe kwa maji yaliyotiwa dawa ya kusafishia maji, uyaache humo, ndipo ukate. Restora inafungwa kwa mtu mmoja aliyeumwa tumbo.

---

Dada wa Liège

Nimesoma hii nikiwa kwenye treni nikacheka peke yangu kwa habari ya maharage. Mimi ni mtoto wa Himbi, niko Ubelgiji sasa, naweza kujibu habari ya asparagasi.

Ni chipukizi linalotoka ardhini, wanalikata kabla halijawa majani. Kuna la kijani, na kuna jeupe ambalo wanalifukia udongo lisione jua; huku Ubelgiji wanaheshimu sana jeupe, la Mechelen hasa, wanalila na siagi na yai lililochemshwa. Msimu unaanza mwezi wa nne na kwa desturi unafungwa tarehe 24 mwezi wa sita, siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ili mizizi ipumzike na kutoa tena mwaka unaofuata. Msimu ukipita, yaliyopo dukani yametoka mbali kwa ndege. Kwa hiyo hata huku si mboga ya kila siku, watu wanaingoja na kuilipia.

Ladha yake? Ile ya kijani iko karibu na harikovere nzuri, na uchungu kidogo nyuma, na ncha yake ni laini kuliko shina. Ukila, mkojo unanuka saa chache baadaye, hakuna anayekwambia mapema, nilidhani naumwa. Kwa hiyo harikovere changa zinatosha kabisa, na hizo bisusa naona ni akili zaidi. Kwa kweli mama, huhitaji asparagasi, ni bahati yako.

Na sahani yenyewe si ya mababu wa Italia kama watu wanavyodhani. Ile inayoitwa primavera ilipata jina New York miaka ya 1970, kwenye restora ya kifahari iitwayo Le Cirque, na ilijaa krimu na siagi. Ya mzee wa Bukavu ninaiamini kuliko hiyo.

---

Mama wa Katindo (Goma)

Nimeandika yote kwenye daftari la restora, ukurasa wa madeni, ndio uliokuwa wazi.

Papa wa Bukavu, asante sana. Ile ya maganda ya petipoa imenigusa, mimi ni mtu ninayeumia kutupa kitu. Nimejaribu poaro jana jioni kwa ajili ya watoto, kwa majivu juu ya makala vile ulivyosema, na kweli inaachana yenyewe. Mdogo wangu wa mwisho aliniuliza nimetia sukari kiasi gani. Fromaji kavu nimeipata, muuzaji alinitazama kama mtu wa ajabu kwa kuchagua iliyokunjamana na kuacha mpya.

Ila nina swali. Huyu kaka wa Lubumbashi amenichekesha, lakini ana haki kidogo. Kuna kliyanti wanaume, wale wa bohari, wakiona sahani haina kitu cha kutafuna watauliza: mboga nimeiona, chakula kiko wapi? Samaki mkubwa sina faida naye Ijumaa, bei inapanda siku hiyohiyo watu wote wanapomtaka. Sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, je? Zinakubaliana na fromaji?

Na dada muuza mboga, uko upande gani wa Virunga?

---

Mpishi wa zamani (Bukavu)

Sambaza ndiyo, fromaji hapana. Chagua moja. Waitaliano hawachanganyi samaki na fromaji kwenye spageti, na kwa mara hii wana sababu: fromaji inafunika ladha ya samaki wadogo na inabaki chumvi juu ya chumvi.

Padri mmoja aliyetoka Sicilia alikuwa akisema kwao wanapika spageti na sardini na majani ya fenela ya porini. Alipofika huku akaona sambaza akafurahi kama amekutana na ndugu. Nikamwambia, padri, hata hizi ni wageni: zilitolewa ziwa Tanganyika zikatiwa Kivu mwaka 1959, baba yangu alikumbuka ziwa bila sambaza. Tukawa tunapika hivi. Sambaza kavu, unazitoa vichwa, unazipitisha kwenye maji ya moto haraka, unazikausha kwa kitambaa, kisha mafuta ya moto mpaka zinalia kwenye kijiko. Hizo usizitie kwenye sufuria ya spageti, zitalowa. Zikae bakuli pembeni, unamwagia juu ya sahani wakati inapotoka, kiganja kimoja, na kipande cha ndimu pembeni. Mtu wa bohari atakuwa na cha kutafuna. Asiyetaka sambaza mpe fromaji. Ni sahani mbili kutoka sufuria moja, na mbili unaweza kuziandika kwenye ubao kwa bei mbili.

Poaro za sambaza, ongeza pilipili moja mbichi nzima humo, usiipasue, uitoe mwisho.

Dada wa Virunga, bisusa hapana, hawakunionyesha. Nitajaribu, huku tuna nyingi Kadutu. Lakini mimi nitazichemsha dakika nne, za kwetu ni kaidi.

---

Mulushois (Lubumbashi)

Kumbe niliongea vizuri. Wekeni jina langu kwenye ubao.

---

Muuza mboga (soko la Virunga)

Mama wa Katindo, mimi niko upande wa viazi, ukiingia kwa barabara kubwa, mwavuli wa rangi mbili. Njoo Alhamisi alasiri uagize, Ijumaa asubuhi mapema gari la Kibumba likifika nakuwekea gunia kabla halijafunguliwa kwa watu. Kwa watu wako wa saa sita na nusu, chukua kilo nne za petipoa za maganda na mafungu matatu ya poaro, uone kwanza. Harikovere nitakutafutia, wiki hii ni chache.

---

Mama wa Katindo (Goma)

Sawa dada, Alhamisi niko hapo. Niwekee na karoti zile za kuchezea.

Papa, la mwisho kabisa, nisikusumbue tena: spageti ikibaki saa nane, niifanye nini? Kesho yake hailiki.

---

Mpishi wa zamani (Bukavu)

Inalika. Mayai manne kwa sahani mbili za masalio, chumvi, pilipili manga, unachanganya na spageti na mboga zilizobaki, bila sambaza. Kikaangio chenye mafuta ya moto, unaimimina, unaibana kwa mgongo wa kijiko iwe sawasawa, moto wa wastani, usiiguse dakika nane. Funika na sahani, pindua, irudishe upande wa pili dakika tano. Ikipoa unaikata pembe kama keki. Mapadri waliibeba safarini kwenda vijijini, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, wakaila baridi. Wewe iuze Jumamosi asubuhi na chai.